Mama Mkwe Alipoacha Kunituma

Mimi nimefukuzwa kwa mume bila hata tusi moja, jamani. Nilifukuzwa kwa heshima, nami nikashangilia.

Naitwa Tumpe, wa Tukuyu. Nilikuja Sydney kusoma, nikaolewa na Hohepa, Mmaori anayeendesha forklift kwenye ghala huko Ingleburn. Tuliishi Macquarie Fields, nyumbani kwa mama yake, Mama Ngaire.

Ile 2021 ya korona tukafungiwa ndani. Hohepa alikuwa na kibali, anatoka kila siku. Mimi masomo yangu ni ya kwenye laptop, kwa hiyo nikabaki na mama mkwe. Na yeye alikuwa na kazi moja tu: kunituma.

"Homai te wai." Lete maji.

"Katia te kūaha." Funga mlango.

"E noho." Kaa. Hata kukaa naamrishwa.

Kimaori changu chote kilikuwa amri. Lakini akija kijana wa kuleta mizigo, Mama Ngaire anambembeleza utadhani anamposa: "Tēnā koa," tafadhali, weka hapo, kama hutajali. Nikisogea mimi, ni "Homai" tena.

Kwetu mtu akitaka chumvi husema naomba chumvi. Nilijiona hausigeli aliyevishwa pete. Nikampigia rafiki yangu Dorothea, anakaa Blacktown.

"Shoga, hiyo ni disrespect," akasema. "Weka boundaries. Leo anakuletesha maji, kesho atakufulisha."

"Mbona nafua tayari."

Nikamlalamikia Hohepa. Akasema mama ndivyo alivyo, akarudi kucheka na simu yake. Siku hizo alikuwa anacheka nayo sana.

Mwezi wa tisa mama mkwe akabadilika ghafla.

"Tēnā koa, Tumpe, kama huna kazi, naomba maji. Ahsante sana, Tumpe."

Mlango akawa anaufunga mwenyewe, na yale magoti yake mabovu. Sahani yangu akaiosha yeye.

Nikamwambia Dorothea nimeshinda. Nilipiga magoti nikamshukuru Mungu, nawaambia kweli. Mjinga mimi.

Oktoba wakafungua. Jumapili ya kwanza ya kuruhusiwa wageni akaja mwanamke anaitwa Mereana, anafanya kazi ghala moja na Hohepa. Hakubisha hodi. Tumbo lilikuwa limetangulia.

Mama Ngaire wala hakuinuka kitini.

"Katia te kūaha," akamwambia. "Homai te miraka."

Mereana akafunga mlango, akaenda kwenye friji, akatoa maziwa bila kuuliza yako wapi. Halafu mama mkwe akanigeukia mimi.

"Tumpe, tafadhali, karibu ukae."

Nyumba ninayoideki kwa mikono yangu, nakaribishwa kukaa.

Nikamtazama Hohepa. Akainamia simu.

"Mama, mbona huyu unamtuma?" nikauliza.

Machozi yakamlengalenga.

"Katika nyumba yangu, wangu namtuma. Mgeni ndiye ninayemwomba."

"Na mimi?"

"Wewe nilikuwa nakutuma, Tumpe."

Basi nikaelewa. Mama mkwe alikuwa anajua ya mimba hiyo tangu mwezi wa tisa. Kuniambia hakuwa na ubavu, na kuendelea kunituma akaona haya. Watu wananiambia huo ni utu wake. Mimi naona ni uoga, na sijamsamehe. Hohepa simtaji kabisa.

Nilihamia kwa Dorothea, nikalala sebuleni. Nikampigia mama yangu Tukuyu, nikiwa najiandaa kubembelezwa. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Nyamaza," akasema. "Funga mizigo. Njoo."

Hapo ndipo nililia vizuri.

Ndugu zangu, mtu wa nyumbani akianza kukubembeleza ghafla, usikimbilie kushangilia kama mimi. Uliza kwanza nani anatumwa badala yako.