Ukurasa Uliokatwa na Mama

Tangu utotoni Merle Tibbs aliambiwa kwamba babu wa babu yake alikuja Tasmania, koloni ambako Uingereza ilitupa wafungwa wake, kwa nauli yake mwenyewe, si kwa pingu. Mama ndiye aliyesema hivyo, na katika Biblia ya ukoo ukurasa wa majina ya wazee alikuwa ameukata kwa mkasi. Ukiuliza, kofi. Siku hizi watu wanajisifia mababu wafungwa, lakini mama alishakufa na aibu yake. Kilichobaki ni mnong'ono wa shangazi: huyo mzee alifia kwenye kisiwa kidogo cha gereza akifyatua matofali, na hata hilo Tibbs ni jina la kubandika tu.

Sasa mdogo wake, Clarrie, mapafu yalikuwa yamekwisha. "Nitafutie jina la yule mzee, dada," alimwomba. "Nitakutana naye huko, nimwiteje?"

Merle akapanda boti ya kwenda kisiwani. Nahodha, Des, alimpa koti. "Vaa, bi mkubwa. Mvua ya huku haina adabu."

Kisiwani kuta za gereza zilikuwa zimelala chini, zimeota kuvu. Merle akaulizia makaburi.

"Yale yenye mawe ni ya askari," Des alisema. "Ya wafungwa umeyakanyaga."

Merle akasogeza miguu. "Na majina yao?"

"Walichomekewa vigingi vya namba, vikaoza zamani. Ukiwapa watu wa kumbukumbu za wafungwa jina, watakutafutia namba. Unalo?"

"Mama alilikata."

Des akamwongoza hadi kwenye rundo la matofali.

Kwenye tofali moja palikuwa na alama ya kidole gumba, ya mtu aliyelishika likiwa bado bichi. Merle akaweka chake humo. Huenda ni yeye. Huenda ni mwingine yeyote katika wale mamia. Akapiga magoti matopeni kuomba, akakuta hana wa kumtaja.

Njiani alitunga jina la kumpelekea Clarrie, jina zuri kabisa. Alipofika kitandani, ulimi ukakataa kusema uongo.

"Umempata?"

"Sikumpata, mdogo wangu."

Clarrie akahema kidogo. "Mkasi wa mama ulikuwa mkali," akasema, kisha akageukia ukutani.

Alifariki Jumanne. Mchungaji alipoomba majina ya ukoo ayasome kanisani, Merle alitaja la baba, la mama, la babu. Mchungaji akangoja, kalamu mkononi.

"Ni hao tu," Merle alisema.