Nilivyobanwa na Panga Mbili Fupi Ghalani Rutamba

Naandika hapa kidole cha kati kikiwa bado kimevimba.

Jumamosi, saa nne asubuhi, mwanamke alinibana kwenye kona ya ghala la korosho. Mgongo wangu kwenye magunia. Panga mbili fupi za mbao zimeniweka shingo kati kama mkasi.

Mlangoni watu wamejaa. Kupita hakuna.

Na mbele ya wote wamesimama wanafunzi wangu.

Naitwa Bashiru, mkulima wa Rutamba. Shule niliachia darasa la nne. Hakuna aliyewahi kuniita jina la heshima mpaka nilipoanzisha kikundi cha upanga wa Kijapani.

Miaka tisa vijana kumi na wanne wananiita Mwalimu. Dukani, Mwalimu. Msikitini, Mwalimu.

Wakiniuliza nilijifunza wapi, jibu moja tu: "Kwa Mjapani, kambi ya barabara, Miteja. Alinifundisha mwenyewe."

Uongo.

Pale kambini mimi nilikuwa mchota maji. Yule Mjapani alikuwa na kibanda cha mabati, kila asubuhi anafanya mazoezi peke yake. Dirisha lilikuwa juu. Nikawa napanda kwenye pipa, nachungulia.

Miezi mitano nilichungulia. Siku moja pipa likapinduka, nikaanguka puu! Nikasikia mlango unafunguliwa.

Nilitoka nduki. Hata kazini sikurudi.

Sasa, wiki iliyopita akaja Cecilia mazoezini kwetu. Mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mgeni wa dada yake hapa kijijini. Panga zake mbili amezifunga kwenye khanga.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba."

"Nasikia ulifundishwa na Mjapani wa Miteja. Mimi ni wa Miteja. Mama yangu alikuwa mpishi pale kambini."



"Tucheze," akasema. "Nikishindwa, naondoka. Ukishindwa, uwaambie hawa vijana ukweli, nani alikufundisha."

Vijana wote wananitazama mimi. Nikikataa, wamejua. Nikikubali, huenda wakajua.

"Jumamosi," nikajibu kibabe. "Ghalani."

Hapo ndipo nilipojichimbia kaburi. Ghala la chama cha ushirika huwa tunalitumia likiwa tupu, na mimi nilisahau kabisa tuko msimu gani. Ijumaa wakulima wakaleta mzigo. Jumamosi nafika, magunia yamepangwa mpaka karibu na boriti, imebaki njia ya hatua mbili tu.

"Mwalimu, si tutoke nje?" Nassibu, mwanafunzi wangu wa kwanza, akaninong'oneza.

"Hapa hapa."

Ubishi wangu huo.

Nikueleze kidogo. Mimi natumia upanga mmoja mrefu wa mbao. Mwenye upanga mrefu mali yake ni nafasi. Ncha unaiweka usawa wa koo la mwenzio, akisogea unagonga kiganja chake. Mwenye fupi mbili anataka kuingia ndani. Mmoja unakinga, wa pili unakumaliza. Akishaingia, urefu wako wote ni mzigo.

Mwanzo nilimuweza. Cecilia anashika panga zake kama mwiko wa ugali. Nikamgonga mkono mara mbili.

"Huyo, Mwalimu! Mtoe nduki!" vijana wakashangilia.

Kichwa kikavimba. Nikainua upanga juu, nimpige moja ya kumaliza mchezo.

Ukagota kwenye boriti.

Yeye tayari yuko ndani. Sikuona ameingiaje. Miguu yake haikuinuka, iliteleza tu sakafuni kama imepakwa mafuta. Pigo la kwanza likanipata kidole. Nikarudi nyuma, magunia. Kushoto, magunia.

"Mwalimu, pita pembeni! Ile yetu ya kuvusha mguu!" Nassibu akapiga kelele.

Ile yetu. Niliyowafundisha mwenyewe.

Nikavusha mguu. Ukanasa kwenye mwenzake. Nikaangukia kona, na mkasi ukafika shingoni.

Cecilia akainama, akanong'ona: "Mikono yako si ya kubahatisha. Hii miguu umeitoa wapi?"

Ningeweza kusema goti linauma. Uongo ulishafika kwenye ulimi kabisa.

Nikawatazama vijana. Wote kumi na wanne walikuwa wamesimama vile vile, kwa ile miguu yangu ya kutunga.

"Nimeitunga," nikasema kwa sauti. "Hajanifundisha mtu. Nilichungulia dirishani, nimesimama kwenye pipa. Miguu yake sikuiona hata siku moja."



Nassibu akauliza: "Kwa hiyo sisi miaka tisa tumesomea chabo?"

Watu waliangua kicheko mpaka wengine wakakaa chini. Mimi nilitamani magunia yaniangukie.

Cecilia hakucheka. Alishusha panga.

"Ni wewe uliyeanguka na pipa?"

Nikamkodolea macho.

"Mimi nilikuwa na miaka tisa," akasema. "Nilikuwa nalala kifudifudi nyuma ya kile kibanda. Mabati hayakufika chini. Niliona miguu tu, na panga mbili fupi kama hizi alizoziacha sakafuni. Nikadhani ndizo anazochezea. Kaka yangu, mimi sikuja kukuaibisha. Nilikuja kutafuta mikono. Nilitaka kwanza nijue kama kweli unayo."

Nikajiinua kutoka kwenye magunia.

"Na uliwahi mno kukimbia," akaongeza. "Mimi nilichungulia pembeni ya kibanda. Yule mtu alitoka, akatazama huku na huku, akatabasamu. Akalisimamisha pipa pale pale chini ya dirisha, akaliwekea na jiwe lisiyumbe. Lilikaa hapo mpaka kambi ikavunjwa."

Nililia, ndugu zangu. Mbele za watu, na umri huu.

Sasa hivi tunafanya mazoezi nje. Vijana wananiita Bashiru, basi. Saa ya miguu nasimama mstari wa nyuma, Cecilia ananichapa kisigino kwa kifimbo.

Saa ya mikono ikifika, anageuka. "Mwalimu, njoo mbele."

Ni yeye peke yake anayeniita hivyo.

Ninachokwambia ni hiki: ulichokiona nusu, sema ni nusu. Na ukianguka na pipa, usikimbie kabla hujaona anayetoka mlangoni ana uso gani.