Wimbo wa Jiwe Niliokata Mwisho

Hakuna kitu kingeweza kunishtua mimi. Mtu aliyeacha shule darasa la sita, akauza chupa tupu pale Malili, akajifundisha kinanda cha kanisa kwa kuangalia vidole vya mwenzake, na leo anatunga muziki wa gemu zinazochezwa na watoto mpaka nchi asizoweza kuzitaja, huyo utamshtua na nini? Nina nyumba ya mawe. Nina studio yenye sponji ukutani. Kwa hivyo nikikwambia niliona kitu nyumbani kwetu Kathonzweni, usidhani nilikuwa nimekunywa. Sinywi. Niliona kwa haya macho yangu, na jua lilikuwa linawaka.

Kwanza nikueleze kazi yangu, ndio uelewe. Muziki wa gemu hauna mwisho. Mtoto anaweza kukwama kwenye pango saa nzima akitafuta mlango, na muziki lazima umzungukie muda huo wote. Kwa hivyo sisi hukata mwisho wa wimbo, tukaushona na mwanzo. Fundi mbaya utasikia mshono wake. Wangu husikii. Wako vijana wa digrii wanaoniletea kazi zao niwashonee, na sioni haya kusema hivyo.

Sasa, kampuni moja ya Nairobi ilitaka muziki wa gemu ya msichana anayetafuta maji kwenye kijiji kilichohamwa. Nilijaribu kinanda, nikajaribu filimbi, wapi. Ndipo nikamkumbuka mama. Alikuwa bado hai, mgonjwa kidogo. Nikaenda nyumbani na maiki, nikamwomba aimbe wimbo wa jiwe, ule wanawake wa Ukambani walikuwa wakiimba wakisaga mtama kabla mashine za posho hazijakuja. Aliimba akisaga kweli kweli.

Wimbo huo una mwisho wake. Msagaji anataja watoto wake mmoja mmoja, halafu anasema unga umetosha, na hapo ndipo anaruhusiwa kuondoka kwenye jiwe. Mama alipomaliza aliniangalia.

"Imeshika mpaka mwisho?"

"Imeshika, mama."

Na ilikuwa imeshika. Lakini gemu haitaki mwisho. Nilikata pale anapovuta pumzi kabla ya kutaja jina la kwanza, la dada yangu mkubwa Mbithe, nikashona. Gemu ikapendwa. Miezi michache baadaye mama akafa, tukamzika vizuri, na mchungaji na tenti na kila kitu. Nilichinja ng'ombe wawili.

Haukupita muda Mbithe, ambaye ndiye anakaa pale nyumbani, akanipigia simu. "Mwana wa mama, kuja. Jikoni kwa mama kunasagwa."

"Nani anasaga?"

"Kama ni kitu cha kusema kwa simu ningekuwa nimesema."

Nikacheka, nikamuuliza kama si panya.

"Panya wa huko kwako wanaimba?"

Nilifika mchana. Mlango wa jiko ulikuwa na kufuli tangu mazishi. Mbithe alifungua, akarudi nyuma. Mimi nikainama, nikaingia.

Mama alikuwa amepiga magoti mbele ya jiwe, amejifunga ile leso tuliyomzika nayo. Alikuwa anasaga, na mtama haukuwepo. Ilikuwa jiwe juu ya jiwe, na viganja vyake vilikuwa vimelika vikabaki vyeupe. Aliimba mpaka karibu na jina la Mbithe, na kabla hajalitaja akarudi mwanzo. Hakuvuta pumzi. Hakuna mwanadamu anaweza kupita pale bila kupumua. Unajua nilichosikia? Nilisikia mshono wangu.

Nikamwita. Aliniangalia vile mtu huangalia akiwa na mzigo kichwani na hakuna wa kumtua. Mikono haikusimama.

Huo mwisho mimi nilikuwa nimeufuta kwenye kompyuta nipate nafasi. Ni Mbithe aliyeuimba, amesimama mlangoni, machozi yanamtoka. Akajitaja, akanitaja mimi, akamtaja ndugu yetu aliyekufa akiwa mdogo, akasema unga umetosha. Mama akaacha jiwe. Akapangusa mikono kwenye leso, polepole. Nikadhani tumemaliza. Halafu kichwa kikainuka kama cha mtu aliyeitwa kutoka mbali, akashika jiwe, akaanza upya.

"Kuna mtoto mahali amewasha hiyo gemu," Mbithe akasema. "Si ulitutangazia kanisani inachezwa mpaka ng'ambo?"

Nilipiga simu Nairobi hapo hapo. Kijana mwenye kampuni akaniambia, "Mkubwa, hiyo ngoma ndiyo roho ya gemu. Ukitaka itoke, hasara ni yako." Nikamwambia mama yangu anasaga. Akasema, "Pole sana, mkubwa. Lakini tuliandikiana."

Nikakubali hasara. Niliuza vyombo vya studio na ploti moja, wimbo ukatolewa. Lakini simu zilizobaki na gemu ya zamani, hizo nitazifikiaje? Siku hizi jiwe linaweza kukaa kimya wiki nzima, halafu linaanza tena, na Mbithe anaacha kazi zake, na yale magoti yake mabovu, anaenda kumwimbia mama mwisho. Nami nimeujua sasa. Sisi wawili tukiondoka, nani atamwimbia? Nimejaribu kuwafundisha watoto wangu. Wananiangalia tu.

Wewe unayesoma, ukiwa na sauti ya mzazi wako kwenye simu, usiikate. Iache iishe vile mwenyewe aliimaliza. Na mtoto wako akiwa na gemu ya msichana anayetafuta maji, na ndani kuna mama anaimba bila kupumzika, nakuomba uifute leo. Mimi upande wangu nimeshalipa: shilingi laki sita, elfu kumi na nane, mia nne na hamsini.