Majina ya Marehemu Katika Diski ya Mustapha

Shemeji yangu Mustapha alikuwa karani wa shamba la mkonge huko Korogwe, na kwa ubishi hakuwa na mpinzani. Shamba lilipouzwa kwa mtu binafsi, makarani walipunguzwa, naye akatoka na diski moja mfukoni. Ndani yake mlikuwa na majina ya marehemu wa ukoo wao. Mama yake, Bibi Hafsa wa Kang'ata, alipokuja mjini kutibiwa, alikaa kando ya meza ya ofisi akayataja moja moja, na Mustapha akayachapa papo hapo. Kwetu shehe hutajiwa majina ya wanaoombewa kabla hitima haijasomwa, na mengi kati ya hayo aliyajua bibi peke yake.

Bibi akafariki. Mustapha alitaka majina yote yasomwe siku ya arobaini, lakini kompyuta yake ya nyumbani ilikuwa kuukuu, ilisoma diski za ujazo mdogo tu, na diski ile ya ofisini ilikuwa ya ujazo mkubwa. Nilimshauri aipeleke kwenye chuo cha kompyuta wamchapie karatasi.

"Shemeji, majina ya mama yangu yatasomwa kwenye mashine yangu," alisema.

Asiyekubali kushindwa si mshindani, lakini nani angemwambia?

Aliagiza Dar draivu ya diski kubwa, akaifunga mwenyewe. Haikusoma, kwa sababu kadi inayoiendesha ndani ya kompyuta ilikuwa ya zamani. Fundi wa Hale alimwambia angoje, atamtafutia kadi nyingine. Hakungoja. Aliziba tundu moja la diski kwa plasta ya kidonda ili mashine iidhanie ndogo. Mashine ikaona diski isiyoeleweka, ikauliza kama iifute na kuiandaa upya. Kule ofisini kila diski mpya ilianza kwa swali hilo, na kidole chake kilikuwa kimezoea kujibu ndiyo. Kikajibu. Hakumwambia mtu.

Kadi ilifika baada ya siku tatu, nikiwepo. Tulijaribu diski nyingine kubwa, ikasomeka bila shida. Akaingiza ile ya mama yake. Ilifunguka, haina kitu. Hapo ndipo aliponieleza, na hasira zangu zote kwa ubishi wake ziliniisha, nikamwonea huruma tu.

Siku ya arobaini wazee walichangia majina waliyoyakumbuka, na shehe akaandika. Yalifika kumi na tisa. Kisha mke wangu Zamda akamgeukia Mustapha.

"Kaka, mama alizaa watatu kabla yetu, wote wakafa wachanga. Wa kwanza Mwanaidi, wa mwisho Sadala. Wa kati aliitwa nani?"

Mustapha aliwahi kulichapa jina hilo kwa vidole vyake, na hakulikumbuka.

Shehe alingoja kwa muda mrefu. Kisha akaandika "mtoto wa Hafsa", na kisomo kikaanza.