Alitembea hospitalini kwa maneno kabla ya kwenda kwa miguu

Ni asubuhi, ofisi bado inanukia sabuni ya kupigia deki. Mama Pacha amekaa kwenye kiti cha plastiki, hedifoni masikioni, mikono imetulia mapajani.

"Nenda mbele mpaka mlangoni," anasema.

Yeye hasogei. Kinachosogea ni hatua anazozisikia masikioni, viatu vikigonga sakafu. Kisha mashine inamjibu kwamba mlango umefungwa.

"Ufungue, mwanangu. Niingize. Kulia kwangu kuna nini?"

"Benchi."

"Na kushoto?"

Anarudia swali, anangoja, anatikisa kichwa. "Hapa imekwama tena," anamwambia mtaalamu wa kompyuta wa meza ya pili, ambaye hapo ofisini wote humwita Injinia.

Mama Pacha, mwenye umri wa miaka arobaini na moja, haoni. Kazi yake ni kutembea ndani ya majengo pepe, yaani majengo yaliyotengenezwa kwenye kompyuta kwa kufuata yale halisi. Asiyeona huyatembelea akiwa amekaa, kwa kuiamuru mashine kwa maneno ya kawaida, ili siku akienda kwenyewe asiwe mgeni. Mama Pacha huyajaribu kabla watu wengine hawajayatumia.

Zamani alikuwa msusi. Presha ya macho ilimwanza kama ukungu wa pembeni.

"Nikawa nagonga milango, watoto wanacheka, na mimi nacheka nao," anasema. "Kucheka kwenyewe ndiko kulikonichelewesha."

Alipofika kwa daktari, jicho moja lilikuwa limeshakufa. La pili halikumaliza mwaka.

Kusuka anasuka hata leo, ila wateja waliogopa. Kwa miaka sita hakutoka getini peke yake. Mkono wake ulikuwa wifi yake, dada wa mumewe, fundi cherehani anayeishi mlango wa pili.

"Sokoni wifi, harusini wifi. Watu wanamwuliza yeye, 'Mgonjwa hajambo?' Na mimi nimesimama hapo hapo."

Wifi mtu hakatai. "Nilikuwa namvuta kama toroli," anasema. "Nilidhani namsaidia."

Kazi aliipata kupitia chama cha wasioona. Malipo yake yanatosha kodi ya nyumba, na kinabaki kidogo. Wiki za mwanzo zilimchosha, kwa sababu mashine ilitaka amri fupi fupi.

"Unaiambia, 'Hebu nisogeze kidogo.' Inakuuliza hatua ngapi. Sasa kidogo si ni kidogo?"

Injinia anaeleza kuwa waliifundisha kwa sauti za watu waliokuwa wakisoma karatasi, na hakuna asomaye karatasi akasema "hebu". Siku hizi inajua kwamba kidogo ni hatua moja, na kidogo tu ni nusu yake.

Jengo alilolijaribu kwa muda mrefu zaidi ni hospitali kuu ya mji. Hakulipenda. Ndiko alikoambiwa kwamba macho yake ndiyo basi tena.

Kisha, mchana mmoja wa msimu wa mvua, simu ililia. Mama yake mzazi ameteleza bafuni, amevunjika nyonga, yuko wodi ya wanawake na jioni anapasuliwa. Mume wa Mama Pacha alikuwa safarini na lori lake. Wifi alikuwa msibani, simu haipatikani.

"Ningemngoja wifi, ningekuta mama ameshaingizwa," anasema.

Alichukua fimbo nyeupe ambayo hakuwahi kuitumia nje ya uwanja wa nyumba yake, akaita teksi. Dereva alitaka kumshika mkono mpaka ndani. Yeye akamwomba amgeuze tu uso uelekee getini.

"Aliniuliza kama nina uhakika. Nikamwambia ninao. Sikuwa nao."

Alitembea akijiamuru chini chini: nenda mbele, mlangoni, kulia. Benchi lilikuwepo. Mteremko wa kupitishia vitanda ulikuwepo. Kisha fimbo ikagonga mbao. Korido ya kwenda wodini ilikuwa imezibwa kwa matengenezo.

"Nikaganda. Kwenye kompyuta nikipotea nasema, 'Nirudishe mwanzo.' Pale nani atanirudisha? Machozi yalinitoka, sisemi uongo."

Aliuliza njia bila kujua anamwuliza nani. Mwanamke mmoja akamjibu, "Pitia pale."

"Pale wapi, dada yangu? Sioni."

Mwanamke huyo, mfanyakazi wa usafi, akatua ndoo yake. Akamweleza taratibu: rudi mpaka benchini, kata kushoto, panda ngazi ukishika ukuta, mlango wa pili. Akataka kumpeleka. Mama Pacha akashukuru, akasema maneno yanatosha.

"Nilisikia mpini wa ndoo ukilia nyuma yangu mpaka juu. Nikajifanya sisikii."

Alimkuta mama yake ameshalazwa kwenye kitanda cha magurudumu.

"Umekuja na nani?" mama akauliza.

"Peke yangu."

"Usinidanganye. Nimevunjika nyonga, sijavunjika kichwa."

Hawakupata muda wa kubishana. Walishikana mikono mpaka wauguzi walipokuja. Upasuaji ulikwenda vizuri, na sasa mama yake anatembelea mkongojo.

Wifi alifika usiku, akafoka. "Baadaye nikakaa kitako," anasema, "nikaona ninachofokea ni kwamba hakunihitaji."

Mama Pacha aliporudi kazini, Injinia alitaka kuiziba ile korido kwenye kompyuta. Walibishana nusu siku. Mama Pacha alisema leo imezibwa hii, kesho itazibwa nyingine. Kinachokosekana mle ni watu. Sasa hospitali hiyo pepe ina wapita njia wa kuulizwa, na baadhi yao hujibu "pale" mpaka uwabane.

Anachokitaka sasa kitengenezwe kwenye kompyuta ni shule ya sekondari ya mapacha wake, ambao walimu wao wanamjua kwa simu tu. Kampuni haina mpango wa kuitengeneza. Basi wamekubaliana na wifi: kila Jumamosi watakwenda kujifunza njia, wifi akitembea nyuma na kusema tu. Kikao cha wazazi kikifika, Mama Pacha ataingia mwenyewe.

"Pacha mmoja amefurahi," anasema. "Mwenzake ameniomba nisije na fimbo, wenzake watamcheka. Nimemwambia nitakuja nayo, na nitakaa kiti cha mbele."