Simu Moja, Wanawake Sita

Mimi sikaliki. Hata sasa ninapoandika haya nimeshainuka kwenda dirishani, na hakuna ninachokitafuta huko nje. Nikiwa kazini Bujumbura nawaza Magara, kwa mama. Nikifika Magara, viatu sijavua, nawaza kurudi mjini. Mama anasema nilizaliwa hivyo, lakini mama naye ana mchango wake katika hili, na ndiyo maana nataka kulisema. Likiendelea kukaa tumboni litanitoboa.

Nafanya kazi katika kampuni ndogo inayotengeneza programu za simu. Ofisini mwanamke ni mimi peke yangu, na mtu wa vijiji vya kandokando ya ziwa ni mimi peke yangu. Wenzangu wote ni vijana wa mjini waliosoma shule moja, wanaocheka utani mmoja, na ukiingilia mazungumzo yao wanakutazama kwa upole kama mgeni aliyekosea nyumba. Wafadhili wakija, shefu, yaani bosi wetu, ananivuta mbele. "Huyu ni injinia wetu," anawaambia, "binti wa wavuvi." Wavuvi gani? Baba yangu alikuwa fundi wa baiskeli pale Minago, na akipanda mtumbwi alikuwa anatapika. Lakini natabasamu, picha zinapigwa, na kesho yake kwenye mkutano hakuna anayeniuliza kitu.

Kazi tuliyopewa wakati ule ilikuwa programu ya kuwaunganisha wauza ndagala, wale dagaa wa ziwani, na maduka ya mjini. Duka linaagiza, muuzaji anaona agizo kwenye simu, anakubali, mzigo unapakiwa. Nilipoisikia tu, nilimwona mama. Mama anaanika ndagala Magara. Tangu baba afariki, anayemuuzia ni baba mdogo: anabeba magunia, anayapeleka mjini kwa jina lake, anarudi na kile alichoamua kurudi nacho. Ukimuuliza, ananuna na kusema hatumwamini. Mama alikuwa na hamu moja tu, kuuza kwa jina lake mwenyewe bila kupitia kwa shemeji. Nikajiapiza kwamba programu hii itampa hilo.

Sasa, pale Magara simu haitumiki kama mjini. Mama na wenzake watano wanaanika pamoja, na simu ya maana wanayo moja, waliyoichangia. Inakaa kwa mjane mmoja kati yao kwa sababu ana sola ya kuichaji. Kila mwanamke ana kadi yake ya simu, ameifunga kwenye pindo la kitenge. Akitaka kupiga au kutazama ujumbe, anafungua fundo, anaitia kadi, anamaliza shida yake, anaitoa, anampa mwenzake. Hakuna anayeona ajabu. Simu kwao ni kama kinu, anayetaka kutwanga anatwanga.

Nililisema hili mkutanoni. Mwenzetu anayeshughulika na usalama alikuwa ameandika sheria: simu moja, akaunti moja. Ikionekana akaunti ya pili kwenye simu ileile, programu inazisimamisha zote, kwa sababu matapeli ndivyo wanavyofanya. Nikasema, "Jamani, wanawake wa kwetu wataangukia humo wote."

"Lakini kwa nini kila mtu asitumie simu yake?" akaniuliza.

Aliuliza kwa moyo safi kabisa, na hilo ndilo lililonikera. Nikatazama meza. Kila mtu alikuwa na simu mbele yake, na wengine walikuwa na mbili. Hakuna hata mmoja pale aliyewahi kuomba simu ya jirani. Sheria ile waliiandika wakijitazama wao kwa wao, nao wakaona wametazama nchi nzima.

Shefu akasema hao ni wachache, tutawaangalia baadaye, kabla programu haijafunguliwa rasmi. Baadaye! Nikapandisha sauti. Wakaniambia mimi ni mkali, nitulie. Mwanaume akisema kwa sauti ileile, wanamwambia ana msimamo. Nilitoka pale damu inachemka, lakini nilikuwa nimepewa ahadi mbele ya watu, na kwa kuwa wakati wa majaribio sheria ile ilikuwa haijawashwa, nikaenda Magara kuwaandikisha.

Nilichagua siku za mwezi mpevu. Siku hizo mitumbwi haitoki, maana taa za wavuvi haziwezi kushindana na mwezi na ndagala hawaji juu, kwa hiyo wanawake wana nafasi. Wee, siku ile tulicheka! Kila mmoja alifungua fundo lake, akatia kadi, akapigwa picha ya uso, akatoa, akampisha mwenzake. Mmoja alipigwa picha amefumba macho, wakamtania kwamba ameuza ndagala usingizini. Mama alikuwa amevaa kitenge kipya. Kusoma alijifunza katika kambi ya wakimbizi Tanzania, polepole, na jina lake lilipotokea alilisoma akilifuata kwa kidole.

"Ni mimi huyu?"

"Ni wewe, Mama."

"Na hapa chini wanasema nini?"

"Wanasema wewe ni muuzaji."

 Aliirudisha simu kwa mjane, kisha akaiomba tena.

Mwezi ulipopungua mitumbwi ikatoka, ndagala wakaja kwa wingi, na programu ikafunguliwa rasmi. Agizo la kwanza la mama lilitoka kwenye duka moja la Bujumbura. Magunia yakafungwa. Mama akatia kadi ajibu agizo, mwenzake akaitoa atie yake ajibu la kwake, na kioo kikawa chekundu. Sheria ilikuwa imewashwa. Hakuna aliyeirekebisha wala aliyekumbuka ahadi niliyopewa.

Mama alinipigia simu. "Wameandika Kifaransa. Mjane amesoma, anasema iko *fraude*, ni kusema wizi. Sisi tumeiba nini?"

 Nyuma yake nilisikia wanawake wakigombana, kila mmoja akimwuliza mwenzake umebonyeza nini, umefanya nini na jina langu. Watu walioanika pamoja miaka yote ile walikuwa wanaitana wezi kwa sababu ya sheria iliyoandikwa na mtu ambaye hajawahi kukanyaga mchanga wa Magara. Baadaye nilisimuliwa kwamba mvua ilikuwa inajikusanya milimani na magunia yasingeweza kungoja. Baba mdogo akaja, akapakia magunia ya mama, na mama akamsaidia kuyainua.

Kesho yake nilifika ofisini kabla ya mlinzi kufungua geti. Haki ya Mungu, sikumbuki yote niliyoyasema, lakini nilisema nimesimama, na mlango ulikuwa wazi. Nilisema mmewaita mama zetu matapeli kwa lugha isiyo yao. Mwenzetu wa usalama aliinamisha kichwa. Shefu akanimiminia maji, akangoja nichoke, kisha akashusha sauti kama mtu anayekuhurumia.

"Nitumie namba ya mama yako. Tutamfungulia yeye leo hii, kimyakimya."

"Na wenzake?"

"Tuanze na mama yako. Mambo huanza na mmoja."

Nikatoka hadi kwenye korido, nikampigia mama. Nilikuwa na uhakika atakataa. Kwa kweli nilikuwa nangoja akatae, niingie mle ndani nimwambie shefu kwamba hata mama yangu, mwanamke wa mchangani, ana heshima kuliko yeye. Maneno nilikuwa nimeshayapanga.

"Sema ndiyo, mutoto wangu," mama akasema. "Sema ndiyo mbio, mbele hajageuza mawazo."

Basi nikasema ndiyo.

Sheria haikubadilishwa. Nilikuwa nikiuliza kila mkutano, na kila mkutano ilikuwa imepangwa baada ya jambo jingine. Huku nyuma picha ya mama iliwekwa kwenye ripoti ya wafadhili, kitenge kipya na kila kitu, na pembeni yake picha yangu. Shefu aliniambia niwe mtu wa kushughulikia usawa na ujumuishi, juu ya kazi zangu zilezile. Nilicheka mbele yake, naye akadhani nimefurahi.

Niliporudi Magara nilipita kwa mjane kwanza, kumsalimu. "Amahoro," nikasema. Akaitikia bila kuinua macho. Nikamwuliza simu iko wapi. Akaniambia iko kwa mama yako, na kadi ya mama yako haitoki tena ndani yake, tusije tukaharibu. "Ndagala zetu zote sasa zinauzwa kwa jina lake," akasema. "Anatupa, hatuwezi kusema hatupi. Anakata yake kwanza, halafu anatupa."

Nilifika kwa mama karibu nikimbie. Alikuwa kwenye vitanda vya waya vya kuanikia na beseni lake. Sikumwamkia. Nikamwambia yote palepale, watu wakisikia: kwamba hawa ni wenzake, kwamba simu waliinunua pamoja, kwamba amewageuka, kwamba amekuwa baba mdogo mwenye kitenge.  Wanawake wengine walikuwa upande wa pili wa vitanda, na hakuna aliyeniunga mkono wala aliyenikataza.

Mama aliningoja nimalize, kama shefu alivyoningoja. Kisha akajipangusa mikono.

"Mu biro yenu, kule kazini, iko wanawake ngapi?"

"Mimi peke yangu, unajua."

"Nayua. Siku ile walikufungulia mulango, uliwaambia mungojee kwanza na wenzangu?"

 Walikuwapo wasichana wengine siku nilipofanya mtihani wa kupata kazi hii, wawili wakijua kompyuta kunizidi, na majibu yalipotoka na jina langu peke yake nilipiga vigelegele barabarani, nikampigia mama simu, akapiga na yeye. Hayo yote mama aliyajua. 

"Ulisema ndiyo," akasema, bila hasira. "Na mimi nilifurahi."

Akanisukumia beseni. Wingu lilikuwa linashuka kutoka milimani, ndagala zilitakiwa kugeuzwa kabla mvua haijafika. Tukageuza, yeye mwanzo wa waya na mimi mwisho, na wenzake upande wa pili wakageuza za kwao bila kututazama.