Goli Tulilolishangilia Kimya

Leo, kwenye saluni moja ya mtaa wa Umbilo, msusi alifungua kopo la dawa ya kulainisha nywele, na harufu yake kali ikanirudisha kwenye saluni ya baba.

Siku ile, nje watu walikuwa wakipita wakiimba, wakitafuta maduka ya wageni kama sisi wayavunje. Baba alikuwa ameteremsha mlango wa chuma, nasi tulijifungia ndani tangu asubuhi, joto likitubana, televisheni ikionyesha mpira bila sauti. Kulikuwa na kiungo mmoja Mwingereza ambaye baba alimfuatilia tangu wote wawili wakiwa vijana. Goti lilikuwa limemweka benchi msimu mzima, na siku hiyo alikuwa anaaga uwanja.

"Angalia ile miguu," baba alininong'oneza. "Imezeeka, lakini haina haraka."

Dakika za mwisho kiungo akafunga. Niliruka, nikafungua kinywa.

Kiganja cha baba, chenye harufu ileile ya dawa, kiliiwahi sauti yangu.

"Nyamaza, mama. Iko watu inje."

Kwenye televisheni uwanja mzima ulikuwa umesimama, ukipiga kelele tusizozisikia. Baba naye alikuwa amesimama, mdomo wazi kabisa, mkono mmoja juu. Ule mwingine haukuniachia.